Sulisuli wa Watamu, kolekole wa Mafia au atoli za Shelisheli: uende wapi na rodi yako ya flai?

Kila kaskazi ikikaribia swali linarudi lile lile. Mtu ana rodi ya flai, ya kwake au ya kuazima, ana likizo ya siku chache na hela aliyoibana mwaka mzima, anataka aende baharini akapambane na samaki wa maana, sasa hajui ashike njia ya Watamu, ya Mafia au ajikaze kabisa aende Shelisheli. Akiuliza, majibu mengi ni ya ushabiki tu, kila mtu anasifia kule alikokwenda yeye. Ndo maana nimeamua niziweke zote tatu hapa kwa vipimo vile vile, halafu uamue mwenyewe kulingana na mfuko wako, mwili wako na mwezi uliopata ruhusa kazini.

Kwanza tuelewane kidogo kwa wale wapya. Flai ni ndoano iliyofungwa manyoya, nywele za mnyama au nyuzi za plastiki mpaka ikafanana na dagaa, kamba au kaa. Ni nyepesi mno, hairushiki kwa uzito wake kama chambo cha kawaida, kinachorushwa ni laini yenyewe ambayo ni nene na ina uzito. Kenya wanaijua siku nyingi kwa trauti wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya, ila baharini ni habari nyingine kabisa. Na kitu kikubwa cha kushika ni hiki: kwenye upepo wa bahari mtu wa kawaida anarusha mita 15, akiwa mzuri 20 na kitu, basi. Kwa hiyo samaki lazima awe karibu yako. Nani atamsogeza huyo samaki? Watamu anasogezwa na boti na mabaharia wake, Mafia anasogezwa na maji yenyewe yakijaa na kupwa, Shelisheli unamfuata mwenyewe kwa miguu. Ukishaelewa hapo umeshamaliza nusu ya kazi ya kuchagua, mana hizi ni raha tatu tofauti kabisa hata kama rodi ni ile ile.

Vipimo nilivyotumia

Nimeangalia msimu na pepo, maji (bamvua na maji mafu), samaki na namna ya kumfikia, vifaa, pesa, ruhusa na sheria, na mwisho mtu wa aina gani atafurahi pale.

Hiyo ya maji naomba nikae nayo kidogo sababu ndo watu wanaisahau. Watu wanakata tiketi kwa kuangalia kalenda ya ofisi, hawaangalii mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, pwani yetu maji yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, mkondo unakuwa mkali, mafungu yanaachwa makavu halafu baada ya saa chache yanamezwa. Mwezi wa robo ni maji mafu, mwendo mdogo, mambo ya taratibu. Kwa mvuvi wa maji mafupi tofauti ya hizo wiki mbili ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi na mwezi. Kwa mvuvi wa sulisuli sio sana.

Watamu na Malindi: sulisuli kwenye maji ya bluu

Msimu na pepo. Sulisuli wanaingia kaskazini ya pwani ya Kenya kuanzia Novemba hivi na wanakuwepo hadi Machi. Januari na Februari kaskazi inaweza kupuliza kweli kweli mchana, ndo maana boti zinatoka alfajiri. Kusi ikishika, Mei mpaka Julai, bahari inachafuka na boti nyingi zinapandishwa juu zikarabatiwe, usipange safari huko miezi hiyo.

Maji. Bamvua hapa halikusumbui sana, uko kwenye kina. Kinachoangaliwa ni rangi ya maji. Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini ya mji wa Malindi, na pale maji ya udongo yanapokutana na ya bluu unaona kabisa mstari, dagaa wanajikusanya hapo na wakubwa wanawafuata. Nahodha mzuri anautafuta huo mstari pamoja na ndege wanaopiga mbizi, hatumii muda wake kuzunguka tu.

Samaki na namna ya kumfikia. Sasa hapa ndo pana mambo. Boti inaburuta vivutio visivyo na ndoano, mara nyingi kimoja kimeshonewa kipande cha tumbo la samaki ili sulisuli akionja asikatie tamaa. Anatokea nyuma, kwanza unaona pembe inapiga piga kivutio, halafu lile tanga la mgongoni linainuka na mwili wote unawaka mistari ya bluu, hapo ujue amekasirika. Baharia anamvuta taratibu, anampa kidogo anamnyima, anampa anamnyima, mpaka samaki anafika mita 10 hivi kutoka boti. Nahodha anatoa gia, kivutio kinang'olewa majini kwa nguvu, na sekunde hiyo hiyo flai yako itue pale pale, kidogo pembeni au nyuma ya samaki. Kwa nini nyuma? Ili ageuke kuifuata. Akigeuka ndoano inashika kona ya mdomo, akiichukua uso kwa uso unavuta na inatoka mdomoni tupu, na mdomo wa sulisuli ni mgumu kama kuni. Kutoa gia nako sio mapambo, kanuni za IGFA (chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, ndo kinachotunza rekodi) za kuvua kwa flai zinataka boti isiwe kwenye gia flai inaporushwa, na hata kama hutafuti rekodi ni vizuri, mana flai inayoburutwa na injini sio flai tena. Mbinu hii ina umri, Webster Robinson alimpata sulisuli kwa flai Panama mwaka 1962 kwa mtindo huu huu na haijabadilika sana mpaka leo.

Kwa hiyo elewa: huu ni mchezo wa timu. Kurusha kwenyewe ni kufupi, hata anayejifunza anaweza, lakini baharia akiwahisha au akichelewesha kile kivutio kwa sekunde mbili, samaki kaenda. Kabla hujalipa uliza mabaharia wameshawahi kuvuta samaki kwa ajili ya flai au wamezoea tu chambo cha kawaida. Ukijibiwa kwa kuzungukazunguka, tafuta boti nyingine.

Vifaa. Rodi namba 12 (namba ikiwa kubwa ndo rodi na laini yake ni nzito zaidi), wengine wanapenda 13 au 14. Rili yenye breki laini na uzi wa akiba nyuma ya laini mita 300 hadi 400. Flai ni kubwa, nyeupe na waridi, ina kichwa cha povu kinachomwaga maji mbele. Sulisuli wa Kenya wengi wako kilo 20 na kitu hadi 30 na kitu, sio wazito kivile ila wanakimbia na kuruka mpaka unasahau una mikono mingapi. Kwa wanaotaka rekodi, IGFA inakubali uzi wa daraja, yaani ule dhaifu unaopima nguvu ya rekodi, usiozidi paundi 20 na ule mnene wa kukinga mdomoni usizidi inchi 12. Wewe usiyetaka rekodi weka uzi mnene zaidi umlete haraka umwachie akiwa na nguvu.

Pesa. Boti nzima kwa siku ni mamia ya dola. Inagawanyika vizuri watu watatu au wanne, ila kwa flai wawili ndo raha, mana anarusha mtu mmoja tu kwa wakati, wengine wanasubiri zamu. Chakula na malazi Watamu unapata ya bei zote, na kufika ni rahisi, ndege mpaka Malindi au SGR mpaka Mombasa halafu gari.

Ruhusa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, ndani ya hifadhi yenyewe huvui kabisa, KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wanasimamia. Leseni ya uvuvi wa michezo mara nyingi boti inakushughulikia, thibitisha tu. Sulisuli wanaachiwa, na wengi wanavalishwa tagi, alama ndogo ya kumtambua samaki akivuliwa tena, kupitia African Billfish Foundation iliyopo hapo hapo Watamu. Tagi hizo ndo zimetuonyesha samaki hawa wanasafiri umbali gani katika Bahari ya Hindi, kwa hiyo ukipewa nafasi ya kutagi usikatae.

Inamfaa nani. Anayetaka samaki mkubwa kwa siku chache, asiye na muda wa kujifunza kurusha mbali, au anayekuja na mwenzake ambaye havui kwa flai. Haimfai anayetapika baharini, na haimfai anayetaka kimya chake na kutembea. Kuna saa nyingi za kukaa tu na kuangalia mkondo wa boti.

Mafia: kolekole, pandu na chochote kitakachokuja

Msimu na pepo. Wakati mtamu ni maleleji, Oktoba na Novemba, pepo zimelegea na maji yametulia, na kaskazi ya Desemba mpaka Februari bado inavulika vizuri upande uliojikinga. Masika ikianza Machi mwishoni, Rufiji inashusha tope na upande wa magharibi wa kisiwa unachafuka. Kusi ni shida, ingawa nyuma ya visiwa vidogo huwa unapata pa kujificha. Oktoba hadi Februari ndo na papa potwe wanakuwepo upande wa Kilindoni, wakipita karibu toa laini majini, kuna watu wanaogelea nao pale.

Maji. Hapa bamvua ni kila kitu. Angalia Ghuba ya Chole inavyojaa na kumwagika, maji yote yale yanapita kwenye milango michache ya mwamba. Yakianza kupwa yanabeba vidagaa, chuchunge na kamba, yanawasukuma nje kwenye mlango, na kule nje kolekole na pandu wamejipanga wanasubiri kama abiria wa mwisho stendi. Unatia nanga au unaelea pembeni ya mkondo, unarusha juu kidogo, unaacha maji yachukue flai, halafu unavuta haraka haraka. Saa mbili hivi za maji yanayotembea zinaweza kukupa kuliko siku nzima. Maji mafu ni vizuri zaidi kwenye ukingo wa mwamba kwa laini inayozama.

Samaki na namna ya kumfikia. Uzuri wa Mafia ni mchanganyiko. Kolekole, pandu, mzia, nguru, chewa wa aina aina, jodari wadogo wakipita, felusi ukitoka nje. Hujui kitakachokamata na kwa wengine hiyo ndo raha yenyewe. Kwa anayeanza mi nampendekezea pandu bila wasiwasi wowote: ni mwembamba, anapenda flai nyeupe iendayo mbio, anaruka nje ya maji, na rodi namba 9 inamtosha. Kolekole mkubwa ni habari nyingine, nitamfikia kwenye Shelisheli, ila jua kwamba akikamata kwenye mlango wa mwamba anakimbilia matumbawe moja kwa moja na hapo huna la kufanya ila kubana breki na kuomba.

Usije Mafia ukitegemea mafungu meupe yamejaa bonifishi, yule samaki wa fedha wa Shelisheli, sio hivyo. Na tuseme ukweli, mwambao wetu umevuliwa sana. Kuna sehemu baruti ilipiga miaka mingi na mwamba haujarudi, kuna nyavu, kuna watu wengi wanaotegemea bahari ile ile kwa mlo wa jioni. Samaki ni wajanja zaidi na wakubwa ni wachache kuliko visiwa visivyokaliwa. Lakini hapo hapo ndo penye utajiri mwingine: wavuvi. Mzee wa ngalawa wa Jibondo au Juani anajua kolekole anapita mlango gani siku ya ngapi ya mwezi, anajua kwa sababu baba yake alimwonyesha. Ukimlipa vizuri awe mwongozaji wako kwa siku utajifunza vitu ambavyo hakuna kapteni wa boti ya kitalii atakuambia. Mi naona hiyo ni sababu tosha ya kwenda.

Kwa wenye boti kubwa kuna pia Latham, kale kakisiwa ka mchanga na ndege kusini mashariki ya Unguja, maji marefu pande zote, kolekole wakubwa na jodari. Ni safari ndefu baharini na unahitaji siku tulivu, sio pa kwenda kwa kubahatisha.

Vifaa. Rodi mbili kama unazo, namba 9 au 10 ya kila siku na 12 ya kolekole. Laini moja ya kuelea na moja ya kuzama. Waya mfupi mbele ya flai kwa ajili ya nguru na mzia, bila waya meno yao yanakata flai moja baada ya nyingine na hata hujui nini kilitokea. Flai nyeupe na kijani, nyeupe na bluu, ndefu za kufanana na chuchunge. Beba kila kitu na vya akiba, kule hakuna duka la flai.

Pesa. Kwa Mtanzania ndo nafuu kuliko zote. Kuna ndege fupi kutoka Dar, au ukitaka kubana unashuka Nyamisati unavuka na kivuko mpaka Kilindoni. Nyumba za kulala wageni zipo za kawaida na zipo za kifahari. Boti za faiba zinakodika, ila zilizoandaliwa kwa flai ni chache, mbele utakuta kamba, nanga na ndoo, toeni vyote au funikeni kwa neti ili laini yako isinase.

Ruhusa. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ndo ya kwanza Tanzania, na inachukua upande wa kusini wote pamoja na Chole, Juani na Jibondo. Imegawanywa kanda, kuna zisizoguswa kabisa na kuna zenye masharti. Kuna ada ya kuingia na unahitaji kibali cha kuvua, kwa hiyo pita ofisi ya hifadhi kwanza uonyeshwe ramani ya kanda, usiende kwa kuambiwa tu na mtu wa ufukweni.

Inamfaa nani. Anayependa kujitafutia, mwenye subira, anayefurahia samaki wa kilo 3 sawa sawa na wa kilo 15. Pia familia, sababu siku mbaya ya kuvua bado ni siku nzuri ya kuogelea. Haimfai anayetaka uhakika.

Shelisheli, visiwa vya nje: kwa miguu kwenye maji ya magoti

Namaanisha atoli (visiwa vya matumbawe vyenye umbo la pete) za mbali huko, Alphonse na St François, Farquhar, Cosmoledo, Astove, sio Mahé, kisiwa kikuu.

Msimu na pepo. Oktoba mpaka Aprili au Mei. Katikati ya mwaka pepo za kusini mashariki zinakuwa kali na kambi nyingi zinafungwa.

Maji. Kwa vile mafungu yenyewe ni mapana na mafupi, sentimita 30 tu zinabadilisha kila kitu. Maji yakianza kujaa samaki wanapanda fungu kuja kula, yakipwa wanashuka kwenye mifereji ya kina. Bamvua linaleta kolekole wengi juu ya fungu. Wanaotaka bonifishi na kikande wengi hufurahia maji ya katikati, yasiyokimbia sana.

Samaki na namna ya kumfikia. Hapa unatembea. Maji ya magoti, mchanga mweupe, mwongozaji pembeni yako, macho yote mbele. Bonifishi ndo wa kila siku, wa rangi ya fedha, anakula kamba na kaa mchangani, haonekani yeye bali kivuli chake, na akikamatwa anakimbia mita 100 bila kupumzika. St François anajulikana dunia nzima kwa wingi wao. Kikande huyu wa kwetu kule ni samaki wa heshima, anakula kichwa chini mkia unapepea juu ya maji, unamtilia kaa wa manyoya karibu na pua, anamfuata, anamtazama, anamkataa, na meno yake yanavunja ndoano. Mwatiko, ambaye kwetu anafugwa kwenye mabwawa, kule wanamvua kwa flai ya kijani ya kufanana na mwani, na watu wanasema ndo mkimbiaji kuliko wote.

Halafu kolekole. Rekodi ya dunia ya kolekole ni kilo 72.8, Japani, mwaka 2006, na sio kwa flai, ila wa atoli hizi wa kilo 20 na 30 kwa rodi namba 12 wanatosha kukufundisha adabu. Wa Farquhar mnawajua, BBC waliwaonyesha 2017 wakiruka nje ya maji kudaka ndege. Na namna nzuri ya kumpata ni hii. Taa mkubwa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, anakuja polepole juu ya fungu, anachimbua mchanga, na juu ya mgongo wake kuna kivuli kingine kinaelea naye, cheusi. Huyo ni kolekole, anamtumia taa kama mfagiaji, kinachokurupuka mchangani anakula yeye. Mwongozaji anakukabidhi rodi nzito, una nafasi ya kurusha mara moja, labda mbili. Flai itue mbele kidogo ya taa, sio juu yake. Weka rodi kwapani, vuta laini kwa mikono miwili mbio uwezavyo, usisimame hata akikufuata mpaka miguuni. Akifungua mdomo usinyanyue rodi! Nyanyua rodi na umempoteza. Vuta laini kwa mkono, kaza, vuta tena, ncha ya rodi ikimwelekea yeye, halafu ndo umwache akimbie huku breki imekazwa karibu mwisho, mana akifika kwenye matumbawe amekata.

Vifaa. Rodi 8 au 9 na 12, zote ziko tayari muda wote. Uzi wa mbele kwa bonifishi paundi 16 hivi, kwa kolekole paundi 100 na zaidi. Viatu vigumu vya kutembelea matumbawe, sio makubazi. Flai za kaa, kamba, na za dagaa ndefu nyeusi au rangi ya mchanga.

Pesa. Hapa ndo wengi wanaishia kusoma. Wiki moja ni maelfu ya dola, kwenye atoli za mbali zaidi inavuka 10,000, na ndege ya kutoka Mahé kwenda kisiwani ni ya siku maalum kwa hiyo huchagui chagui. Wiki zenye maji mazuri zinajaa mapema sana, mara nyingi mwaka mzima kabla. Kuna ndege ya Nairobi mpaka Mahé, na Mtanzania au Mkenya haombi viza, ila ruhusa ya kusafiri unaijaza mtandaoni kabla ya kuondoka.

Ruhusa. Huvui kiholela. Unapitia kampuni yenye haki ya kisiwa, kila samaki wa mafungu anaachiwa, ndoano zimeminywa kile kimwiba. Inabana, lakini ndo maana samaki bado wapo.

Inamfaa nani. Aliyekwisha kujifunza kurusha kwenye upepo, miguu mizima, macho mazuri, na aliyeweka akiba kwa makusudi. Kama hujawahi kurusha mita 15 upepo ukiwa usoni usiende bado, jifunze kwanza uwanjani nyumbani miezi miwili mitatu, mana kule nafasi nzuri inakuja na kuondoka kabla hujapumua.

Mambo ya kote kote

Laini iwe ya joto. Laini za trauti wa milimani zikikutana na jua letu zinalainika kama tambi, zinanata kwenye pete za rodi na hazirushiki tena. Nunua iliyoandikwa ya kitropiki. Ukirudi jioni osha rili kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila kukosa.

Kuvuta kwa mkono badala ya kunyanyua rodi ni kote, sio kolekole tu. Waliojifunzia trauti wanateseka hapa, mkono umeshazoea.

Samaki abaki majini. Sulisuli mshike pembe pembeni ya boti, boti itembee polepole maji yapite matamvuani mpaka mwenyewe apige mkia, habebwi ndani kwa picha. Kolekole na bonifishi picha ya sekunde chache na mikono iliyolowa, na kama papa wako karibu usimwachie hapo, sogea kwanza.

Ukitembea maji mafupi buruta miguu, usinyanyue, taa akisikia atatoka mwenyewe. Akikuchoma weka mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia na uende hospitali.

Sasa, kulingana na hali yako

Kama una siku tatu nne tu, upo Kenya, na ni kati ya Novemba na Machi, nenda Watamu. Tafuta mwenzako mmoja mgawane boti, siku mbili za sulisuli, ya tatu weka akiba kwa ajili ya upepo.

Kama upo Tanzania na bajeti ni ya kawaida, Mafia, wiki ya bamvua mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Rodi namba 9, laini mbili, waya, na mzee wa ngalawa. Anza na pandu, kolekole atakuja mwenyewe.

Kama hela ipo na kurusha unajua, chukua Shelisheli, lakini chagua kisiwa kwa samaki unayemtaka. Bonifishi na mchanganyiko, Alphonse na St François. Kolekole hasa, Cosmoledo au Farquhar. Waulize kuhusu maji ya wiki hiyo kabla ya kuuliza bei.

Kama hela ipo ila kurusha bado, mi ningekwambia tumia sehemu ndogo ya hiyo hela Mafia msimu huu, Shelisheli weka nafasi ya msimu ujao, mana wiki nzuri za karibuni zitakuwa zimeshajaa hata hivyo.

Unasafiri na mke au mume na watoto wasiovua? Watamu au Mafia, zote mbili wana cha kufanya. Atoli za nje ni za anayevua au kupiga mbizi, zaidi ya hapo ni mchanga na ndege wa baharini.

Na kama likizo yako imeangukia Juni, usilazimishe yoyote kati ya hizi tatu. Fanya mazoezi ya kurusha, funga flai zako, na piga simu za kuulizia boti mapema, mana kuanzia Septemba nafasi za maleleji zinaanza kugombaniwa.